Kuinvesti mu madini ya betri, maana yake nini kabisa?

Siku hizi huku Lubumbashi kila mwenye makuta kidogo anasema anataka kuingia mu betri, wengine wanawaza kilima cha Kolwezi, wengine wanataka hisa za kompanyi ya motokari, wengine hata hawajui wanataka nini, wamesikia tu motokari za umeme zinakuja na kobalti iko yetu. Na kweli iko yetu, zaidi ya theluthi mbili ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka Lualaba na Haut-Katanga. Ila "betri" si biashara moja. Kuna makuta ya kutoa jiwe mu udongo, kuna ya kulisafisha, kuna ya kutengeneza betri yenyewe, na huyu wa mwisho faida yake mara mingi ni kutumia jiwe lako kidogo, au kuliacha kabisa.

Mlango wa kwanza ni jiwe, tuanze nalo juu njo tunalijua. Kompanyi kubwa za huku, Kamoto, Mutanda, Tenke Fungurume, zinachimba shaba, kobalti inafuatana nayo. Ni kama unasaga mahindi juu ya unga wa bukari, pumba inatoka tu, bei yake ikipanda inatoka, ikianguka inatoka vilevile. Sasa shaba ikipata bei nzuri wanachimba zaidi na kobalti inajaa sokoni hata kama hakuna aliyeiomba. Ni wachimbaji wa mikono ndio wanaofuata kobalti yenyewe, bei ikianguka wao ndio wanaumia wa kwanza.

Angalia bei ya kobalti mu soko la London: 2018 tani moja ilipita dola 90,000, ikaanguka, 2022 ikapita tena 80,000, mwanzo wa 2025 ikashuka karibu na 21,000. Kinshasa ikachoka. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ikafunga kobalti isitoke inchi, ikafungua mwezi wa kumi lakini kwa kota zinazogawanywa na ARECOMS, ofisi ya serikali inayosimamia soko la madini ya kimkakati, tani 18,125 za kumaliza mwaka, kisha 96,600 kwa mwaka mu 2026 na 2027, na hiyo ni chini ya nusu ya ile iliyochimbwa 2024. Bei ikapanda zaidi ya mara mbili. Kwa hiyo mwenye kuweka makuta mu kobalti anapaswa kusoma amri za Kinshasa kabla ya kuangalia ni motokari ngapi zimeuzwa, na asisahau kwamba tangu 2018 kobalti iko madini ya kimkakati, serikali inakata 10% ya thamani yake.

Mlango wa pili, kusafisha. Kinachopita Kasumbalesa, mpaka wetu na Zambia, mu makamyo, sehemu kubwa si chuma cha kobalti, ni unga wa hidroksidi, unaenda mpaka bandari za Durban ao Dar es Salaam halafu China, na ni kule inageuzwa kuwa kitu ambacho kiwanda cha betri kinaweza kutumia. Wachina walielewa mapema. Kompanyi yao CMOC ilinunua sehemu kubwa ya Tenke Fungurume kwa Wamarekani wa Freeport 2016, ikachukua na Kisanfu 2020 kwa dola milioni 550, mwaka uliofuata CATL, ile inayotengeneza betri nyingi kuliko wote duniani, ikanunua robo ya Kisanfu. Yaani mwenye betri alikuja mwenyewe kukaa kwenye shimo. Sisi je? 2022 Kongo na Zambia walisainiana makubaliano ya kutengeneza malighafi ya betri huku huku, na Université de Lubumbashi ikapata kituo cha utafiti wa betri. Mimi naona wazo ni zuri, ila kiwanda kinataka umeme usiokatika, na hapa kila mtu anajua delestaji.

Mlango wa tatu njo wenye kuogopesha kidogo, teknolojia. Betri zile za aina ya NMC ziko na nikeli, mangani na kobalti. Zamani vyote vitatu vilikuwa sawasawa, theluthi theluthi, sasa kuna zile za 811, nikeli 8, mangani 1, kobalti 1. Na kuna LFP, hiyo ni litiumu, chuma cha kawaida na fosfati, kobalti sufuri, nikeli sufuri. Ni nzito zaidi kwa mwendo uleule, lakini ni rahisi bei, inadumu, na haishiki moto upesi. BYD, kompanyi ya motokari ya China, imejenga jina lake juu ya hiyo, Tesla nayo 2021 ikasema motokari zake za bei ya chini zitatumia LFP, na leo LFP iko karibu nusu ya betri zote za motokari za umeme duniani. Kuna hata betri za sodiamu zinazotaka kuacha litiumu, hapo wa Manono, kwenye litiumu yetu, nao watakuna kichwa.

Kwa maoni yangu, kama unaamini motokari za umeme lakini hutaki kubashiri kemia gani itashinda, shaba njo kitu. Betri iwe NMC iwe LFP, mota na nyaya zinataka shaba, na motokari ya umeme inakula karibu mara tatu ya ile ya petroli. Tumekaa juu ya shaba miaka zaidi ya mia na bado tunaimba kobalti tu.

Sasa mtu wa makuta madogo anaingia wapi? Kongo hakuna soko la hisa. Glencore yenye Kamoto inauzwa London, CMOC Hong Kong na Shanghai, CATL Shenzhen na Hong Kong, kwa hiyo unahitaji broka wa nje, na ukinunua Glencore umenunua pia makaa ya mawe na vitu vingine vingi. Lakini mtu akikuandikia WhatsApp kwamba anauza hisa za Gécamines, lipa tu kwa simu, faida kila wiki, huyo ni mwizi, Gécamines ni ya serikali yote mia kwa mia na hisa zake haziuzwi popote.