Mapato ya Matangazo Hayategemei Kumfuatilia Msomaji

Wenye tovuti za habari na mapishi wanaonijia kwa ushauri hurudia jambo lilelile: kwamba wakiondoa vidakuzi vya kampuni za nje, yaani faili ndogo zinazowekwa kwenye kivinjari cha msomaji ili kumfuatilia, mapato ya matangazo yatakufa. Hakuna dhana inayonikera kama hii, kwa sababu inawafanya watu waaminifu watoe taarifa za wasomaji wao kwa malipo ambayo sehemu yake kubwa huishia njiani.

Ukurasa wa mapishi ya pilau unapofunguka, kabla hata picha haijatokea, anwani ya ukurasa, aina ya simu, mahali alipo msomaji na namba inayokitambulisha kifaa chake hupelekwa kwenye mnada wa papo hapo wa nafasi ya tangazo, na kila aliyealikwa kutaja bei huzipokea, hata akishindwa. Madalali, yaani kampuni zilizo kati ya mtangazaji na tovuti, nao hukata chao: uchunguzi wa kampuni ya ukaguzi wa hesabu ya PwC na chama cha watangaza biashara cha Uingereza, ISBA, uliotolewa mwaka 2020, ulionyesha kuwa wachapishaji walifikiwa na takriban asilimia 51 tu ya fedha zilizolipwa, na asilimia 15 haikujulikana ilikokwenda.

Nchini Uholanzi, Ster, inayouza matangazo ya shirika la utangazaji la umma NPO, iliachana na vidakuzi hivyo Januari 2020 na kuuza nafasi kwa kufuata maudhui ya ukurasa. Mapato yake ya mtandaoni mwezi huo yaliyazidi ya Januari 2019 kwa asilimia 62. Tovuti ndogo isitarajie ongezeko kama hilo, kwa kuwa NPO ina hadhira kubwa na wauzaji wake yenyewe, lakini muuza mchele anamtafuta mtu anayetaka kupika, na ukurasa wa pilau umekwisha kumwonyesha. Ndiyo maana ninasisitiza, pengine hadi kuchosha, kwamba nafasi moja ya juu iuzwe moja kwa moja kwa mfanyabiashara, kwa bei ya mwezi, kabla ya kuongeza mtandao mwingine wa matangazo.

Wapo wanaosema kuwa msomaji asiyeulizwa jina hana taarifa binafsi za kulindwa. Namba ya kifaa pamoja na orodha ya kurasa alizosoma vinatosha kumtofautisha na wengine wote. Wengine huweka kisanduku cha ridhaa kikiwa kimeshatiwa alama, jambo ambalo Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ililikataa Oktoba 2019. Na kwa wanaodhani hayo ni ya Wazungu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, nayo inamtaka anayekusanya taarifa hizo ajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.