Spishi adimu: ua la Usambara na mamba wa Ruvu

Ukiuliza kijiweni Kariakoo kipi ni adimu zaidi kati ya ua na mamba, wengi watakujibu mamba. Haishangazi. Mkazi wa Dar es Salaam anaweza kumaliza mwaka bila kumwona mamba hata mmoja, ilhali maua yamejaa kwenye vitalu vya kando ya barabara. Lakini kutoonekana mjini si kipimo cha uadimu.

Mwaka 1981 Deborah Rabinowitz, mwanaikolojia wa Marekani, alipendekeza spishi ipimwe kwa maswali matatu. Je, imeenea eneo kubwa au dogo? Inachagua mazingira? Na pale ilipo, ni nyingi au chache? Ikishindwa swali moja tu, tayari ni adimu kwa namna fulani.

Mamba wa Nile hana shida na maswali haya. Yumo Ruvu, mto unaotupatia maji ya bomba hapa mjini, yumo Rufiji, na ametapakaa Afrika hadi Misri na Afrika Kusini. Mtoni, ziwani, kwenye vinamasi, hata kwenye mikoko, kote anaishi. Hachagui chakula pia: akikosa samaki atamvizia swala, na mtu akizembea, mtu. Kuogopwa sana na kuwa adimu ni mambo mawili.

Sasa njoo kwenye saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani manene yenye vinyweleo kama mahameli. Wazungu walilifahamu baada ya Walter von Saint Paul-Illaire, ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Usambara, kulipeleka kwao. Mwaka 1893 likapewa jina lake. Leo linauzwa kwenye vyungu duniani kote, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Ya vyungu ni machotara ya bustani. Ya mwituni yako kwenye misitu michache ya Tanzania na kusini mashariki mwa Kenya, mengi yakiwa yamejishika kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Baadhi ya aina zake zinajulikana sehemu chache mno.

Mamba akifukuzwa kwenye bwawa moja huhamia jingine. Ua hili haliwezi kuhama: miti iliyo juu yake ikikatwa, jua hupiga mwamba, ukoga wa kijani unaoufunika hukauka, na mmea nao hufa palepale hata kama hakuna aliyeugusa.