Rada haimuoni mvuvi wa Mtera: teknolojia ya boti, serikali na makampuni

Nikisema nafundisha usalama wa boti na kituo changu kiko Dodoma watu wanacheka kwanza alafu ndio wanauliza. Juzi kati dereva bajaji kaniuliza kabisa, "mwalimu, boti za wapi tena huku, za kwenye zabibu?" Nikacheka nae. Lakini ukishika barabara ya Iringa, mwendo wa saa mbili hivi, unakuta Bwawa la Mtera, likijaa linafika kama kilomita za mraba 660, lina mitumbwi, lina boti za injini, lina viboko na mamba, na lina upepo wa kiangazi ambao mchana ukiamka hauna salamu. Kwahiyo boti zipo, na watu wanaozama wapo, tusijidanganye kwamba hii ni habari ya Tanga na Mwanza tu.

Leo nataka niongelee kitu ambacho nchi nyingi sasa hivi serikali na makampuni wanakifanya pamoja, teknolojia ya kumsaidia nahodha ajue kinachoendelea pale alipo. Wataalamu wanaita ufahamu wa mazingira. Jina kubwa ila jambo lenyewe we unalifanya kila siku. Bodaboda akiona basi limesimama Nane Nane anapunguza mwendo, kwanini, kwasababu ameliona basi (hiyo moja), ameelewa kwamba kuna watu wanashuka (mbili), na amekisia kwamba kuna mmoja atachomoza mbele ya basi bila kuangalia (tatu). Mwaka 1995 mtafiti wa Marekani, Mica Endsley, aliyepanga hivyo hatua tatu, kuona, kuelewa na kukisia kinachofuata, alikuwa anawaza zaidi marubani wa ndege lakini nahodha nae ni yuleyule. Na shida ya vifaa vingi ni kwamba vinakusaidia hatua ya kwanza tu, hizo nyingine unabaki nazo wewe.

Tuanze na vifaa basi. Rada wengi mnaijua kwa jina, inarusha mawimbi ya redio, yakigonga kitu yanarudi, kifaa kinahesabu umbali. Inafanya kazi gizani, inafanya kazi kwenye ukungu, safi kabisa. Tatizo ni kwamba inapenda chuma. Meli ya chuma inang'aa kwenye skrini kama taa ya uwanja wa mpira, mtumbwi wa mbao uliolowa maji, na ulivyo chini chini vile, rada inauchanganya na mawimbi au haiuoni kabisa. Kuna dawa yake na ni rahisi mpaka inachekesha: vipande vitatu vya bati la aluminiamu vinaungwa kwa pembe mraba kama kona ya chumba, ukuta, ukuta na sakafu, wimbi la rada likiingia kwenye ile kona linadunda na kurudi kulekule lilikotoka. Ukifunga kona kama hizo kadhaa zikiangalia pande zote juu ya mti kwenye mtumbwi wako unaanza kuonekana. Fundi bati yeyote wa Majengo anaweza kukutengenezea, bila chaji, bila bando, bila sasisho la programu.

Alafu kuna AIS, hiki ndio kipenzi cha makampuni. Ni redio inayojitangaza yenyewe: mimi ni fulani, niko hapa, naelekea kule, kwa mwendo huu. Inatumia masafa mawili, megahezi 161.975 na 162.025, na ili watu wasiongee kwa pamoja kila dakika kwenye kila masafa imekatwa vipande 2,250, kila chombo kinashika kipande chake kama ndoo kwenye foleni ya bomba. Kwa sheria za kimataifa meli za tani 300 kwenda juu zikisafiri nje ya nchi lazima ziwe nayo, na meli za abiria pia bila kujali ukubwa. Kile cha boti ndogo kinarusha kwa wati 2 tu na bado kinasikika kilomita kadhaa. Nzuri sana. Ila ona mtego wake, AIS inakuonyesha yule anayeongea tu. Asiyekuwa nacho ni kama hayupo, na nahodha akizoea kuangalia skrini anaanza kuamini kwamba maji ni matupu kwasababu skrini ni tupu.

Kamera ya joto inaona mwili wa mtu gizani, hata kiboko, ila haipiti kwenye kioo, kwahiyo ukiiweka ndani ya kibanda cha nahodha nyuma ya kioo umenunua pambo. Sonari, kifaa kinachotuma sauti chini ya maji kupima kina, nitaisema hapo chini maana ndio iliyonipa somo.

Kiangazi kimoja tulikwenda Mtera na vijana wawili wa ufundi, tumebeba sonari ndogo, skrini yenye ramani na sensa (sio ile ya kuhesabu watu, hivi vifaa vya kuhisi). Tukafika mwaloni, mbukwenyi hapa, mbukwenyi pale (salamu ya Kigogo hiyo), tukapewa mzee mmoja atuzungushe na boti ya injini. Maji yalikuwa yameshuka sana. Kwa wasioijua Mtera, lile bwawa lilijengwa miaka ya 1970 kuzuia mto Ruaha Mkuu ili mtambo wa umeme wa Kidatu kule chini upate maji ya uhakika, na miti iliyokuwepo mingi ikazamishwa ilivyo, kwahiyo mpaka leo kuna visiki vimesimama humo majini, vingine vinachungulia vingine havionekani. Skrini yetu ilionyesha buluu tupu. Buluu safi, kama bwawa la kuogelea la hoteli. Mzee anakata kona kushoto, anakata kulia, kijana wetu akamwambia "mzee mbona unazunguka, hapa mbele ni wazi", mzee akanyoosha kidole tu. Mbele kulikuwa na ndege mnandi ametanua mabawa anakausha. "Mnandi hasimami juu ya maji, babu. Kasimama juu ya kitu."

Sasa hapo piga hesabu nani ana ufahamu wa mazingira. Mzee ameona ndege, ameelewa kisiki, na akazima injini mapema kwasababu alijua upepo utatusogeza upande ule. Hatua tatu zote, bila betri. Sisi na mashine yetu tulikuwa hata ya kwanza hatujaimaliza. Dakika chache mbele sonari ikaandika mita 6.2, mara 5.8, mara 1.1 na tukasikia krrr chini ya boti. Hapo hakukuwa na mnandi. Mzee nae alishtuka, akasema hicho kilikuwa hakipo mwezi uliopita, yaani kilikuwepo ila maji yalikuwa juu yake.

Hilo "maji yalikuwa juu yake" ndio limenifanya niandike haya. Maji ya Mtera hayakai sehemu moja, bwawa likijaa uso wake uko mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini kabisa cha kuendeshea mtambo wa umeme wa hapohapo Mtera ni mita 690. Tofauti ya mita 8.5, karibu jengo la ghorofa tatu! Kwahiyo ramani iliyochorwa Aprili mvua zimejaa ni uongo ikifika Novemba. Lakini chukulia kisiki kimoja ncha yake iko mita 694.2. Leo kipimo cha maji kinasoma 694.8. Basi kisiki kiko sentimita 60 chini ya maji, mtumbwi wa kasia unapita juu yake bila hata kujua, boti ya injini ambayo pangaboi lake linashuka sentimita 70 linakigonga. Wiki ijayo maji yakifika 694.0 kisiki kinatokeza, kila mtu anakiona, hatari imepungua. Hesabu ya kutoa tu hiyo, ya darasa la nne.

Kwahiyo ukipima visiki mara moja, kimoja kimoja, na kila asubuhi ukapata kiwango cha maji, unaweza kuwa na ramani mpya kila siku ya visiki vibaya vya leo, sio vya mwaka jana. Kiwango cha maji nani anakisoma? Serikali, mtambo ni wa TANESCO na maji yanasimamiwa na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji. Sonari na programu ya simu nani anazo? Makampuni. Na visiki viko wapi, nani anajua? Mzee wa mnandi. Hapo ndipo ushirikiano una maana, sio pale waziri na mkurugenzi wanapopeana mikono mbele ya kamera.

Wenzetu wanafanyaje? Marekani wana mkataba wao wa ushirikiano wa utafiti uliotokana na sheria ya 1986 (mwaka huohuo sisi tulitunga sheria ya kuanzisha COSTECH, tume yetu ya sayansi na teknolojia, sijui kama ni bahati tu). Chini ya mkataba huo maabara ya serikali, kwa mfano kituo cha utafiti cha Walinzi wao wa Pwani kilichopo New London, inakaa na kampuni, serikali inatoa wataalamu, boti na maji ya kujaribia, kampuni inaleta kifaa na mainjinia wake. Kitu kimoja nakipenda sana pale, serikali haitoi hela kwa kampuni. Hata senti. Na sio manunuzi, wala sio upendeleo, kampuni nyingine nayo ikija inaweza kukaribishwa. Kampuni inapata majibu ya kweli kuhusu kifaa chake, serikali inajua kinachofanya kazi kabla ya kutangaza tenda, haiuziwi mbuzi kwenye gunia. Ufini nako tarehe 3 Desemba 2018 kivuko cha kampuni ya serikali, Falco, kilivuka chenyewe kati ya Parainen na Nauvo kwa mitambo ya Rolls-Royce, kurudi kikaongozwa na nahodha aliyekaa Turku, kama kilomita 50 kutoka pale. Inavutia. Ila pale kila chombo kikubwa kinajitangaza, na sidhani kama kuna mtu anatega nyavu usiku katikati ya njia na tochi mdomoni.

Na hiyo tochi msiidharau. Kanuni za kimataifa za kuzuia migongano za 1972 (ziliandikwa kwa ajili ya bahari kuu na maji yanayoungana nayo, Mtera haumo) zinasema chombo cha kupiga kasia kinaweza kuwa na tochi au taa nyeupe tu karibu, ya kuwashwa mapema kuzuia kugongwa. Kanuni ya 5 inasema uangalie kwa macho, usikilize kwa masikio, na utumie kila njia iliyopo, wakati wote. Macho na masikio vimetajwa kwa majina, mashine zote zikafungiwa kwenye "kila njia".

Sisi hapa vipande vyote tunavyo, vimetawanyika. TASAC wanakagua vyombo, TCRA wana masafa ya redio, TMA wana utabiri wa upepo, sheria ya ubia kati ya serikali na sekta binafsi ipo toka 2010. Ofisi nyingi za serikali ziko hapahapa Dodoma, unaweza kuzizungukia kwa bajaji moja. Kinachokosekana kwa maoni yangu ni mvuvi kuwa mezani toka siku ya kwanza, sio kuitwa siku ya mwisho avishwe tisheti. Wavuvi ndio waokoaji wetu wa kwanza, ile ndege ilipoanguka Ziwa Victoria pale Bukoba 6 Novemba 2022 waliowahi kufika walikuwa ni wao na mitumbwi yao. Sasa mfumo wa uokoaji usiomuona muokoaji ni mfumo gani?

Mezani nae ataleta swali ambalo mainjinia hawalipendi. Mzee aliniuliza, mashine ikirekodi nilikopita, nani ataona? Chimbo la samaki kwa mvuvi ni kama namba ya siri ya simu, hampi hata shemeji. Na anawaza pia doria na ushuru, hajakosea kuwaza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatumika toka 1 Mei 2023, kwahiyo mkataba wowote na kampuni useme wazi kabla boti haijaingia majini: njia za wavuvi ni mali ya nani, zinatunzwa muda gani, nani haruhusiwi kuziona. Ikiachwa kwa maneno ya mdomo kifaa kitazimwa mara tu mkikunja kona, na mi mwenyewe ningekizima.

Nisiwadanganye lakini. MV Bukoba ilizama Ziwa Victoria 21 Mei 1996, kivuko cha MV Nyerere nacho 20 Septemba 2018 pale karibu na Ukara, walikufa zaidi ya watu 200 kwa ile ya pili peke yake, na nchi kavu ilikuwa inaonekana. Chombo kikijazwa kupita uwezo wake rada haipunguzi abiria. Hiyo ni kazi ya mtu mwenye mamlaka ya kusema hapana, akasema.

Tulirudi mwaloni jioni, tukakaa chini ya mti, kijana wetu na simu na mzee pembeni yake, tukaanza kuingiza visiki. Kumbe vina majina. Kisiki cha Mjomba, maana mjomba wake alipasulia boti pale. Kuna Mlango, viwili unapita katikati. Kuna kingine jina lake siandiki hapa, watoto wanasoma. Kijana anaandika, anaweka alama kwenye ramani, mzee ameisogeza simu mbali kidogo na macho anaangalia ile buluu.

"Mjomba sio hapo. Sogeza kulia. Tena. Umepita, rudi kidogo."