Barabara inayotembeleka ni barabara ya namna gani?

Kila asubuhi, watu kutoka Katuba na Kenya, mitaa ya pembeni ya mji wetu wa Lubumbashi, Kongo, huingia katikati ya mji kwa miguu, makundi kwa makundi. Mgeni akiwaona anaweza kusema huu ni mji wa waenda kwa miguu. Lakini wengi wao wanatembea kwa sababu nauli haipo. Wingi wa watu barabarani hauthibitishi kwamba barabara inatembeleka.

Wapangaji wa miji wanaposema barabara inatembeleka, wana maana kwamba mama mwenye mtoto mgongoni, mzee mwenye fimbo na mtu wa kiti cha magurudumu wanaweza kuifuata mpaka mwisho bila kulazimika kushuka katikati ya magari. Tena iwe inawafikisha mahali wanapohitaji: soko, shule, duka la dawa, kituo cha basi. Kipimo chao cha kawaida ni mita 400, yaani kama dakika tano za mwendo wa mtu mzima.

Kwa kipimo hicho mjini kati tumerithi mifupa mizuri. Mji ulianzishwa mwaka 1910, reli ilipofika kutoka kusini, na magari wakati huo yalikuwa ya kuhesabu. Barabara zilichorwa kama daftari la hesabu, kona baada ya kona. Kona hizo zina faida kuliko tunavyodhani: lori likiziba njia unakata pembeni, na safari yako haiongezeki. Jaribu kufanya hivyo kandokando ya ukuta mrefu wa kiwanda usio na mlango wala duka! Majengo kadhaa ya zamani yana baraza zilizoezekwa mbele ya maduka, na mvua ya Januari ikianza ghafla, hapo ndipo kila mtu hukimbilia.

Halafu kuna mijakaranda. Watu huipiga picha ikichanua zambarau, mvua zikiwa bado hazijaanza. Mimi naipenda zaidi kwa kivuli chake. Kwenye jua la Oktoba, dakika kumi za lami tupu zinachosha kuliko ishirini chini ya miti, na mti uliokatwa kupisha maegesho ya magari umepunguza urefu ambao mtu anakubali kutembea.

Tatizo letu kubwa ni umbali, na haukuja kwa bahati mbaya. Wakoloni waliuweka mji wa wazungu upande mmoja, makazi ya Waafrika upande mwingine, na katikati wakaacha ukanda mtupu wa kuwatenganisha. Ndani ya mtaa wa Kenya kwenyewe mambo mengi yako karibu: soko, kinyozi, kanisa, wamama wa mboga mlangoni. Ukitaka kazi au ofisi, ndipo kilometa zinaanza.

Kuhusu usalama, mwendo wa magari ni jambo la kwanza. Gari likitoka kilometa 30 kwa saa hadi 50, nguvu yake ya kugonga huongezeka karibu mara tatu. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020, la mkutano wa dunia wa usalama barabarani, lilipendekeza kikomo cha 30 pale ambapo watu na magari wanachanganyika. Kibao peke yake hakitoshi, madereva wetu tunawajua. Barabara iliyobanwa kidogo kwenye kivuko, au kivuko kilichoinuliwa kama tuta, humlazimisha dereva kupunguza hata kama hakuna polisi.

Wachuuzi husingiziwa sana. Ni kweli meza zinaziba njia, ila mahali wanapouza panakuwa na macho ya watu, na msichana anayerudi jioni huchagua njia hiyo kuliko ile iliyo tupu. Mimi ningewapimia nafasi upande mmoja na kuacha mita mbili wazi, kuliko kuwafukuza kila mwezi.

Kuna pia mifereji iliyo wazi. Ukiifunika kwa vibamba vya zege vinavyoweza kuinuliwa, unapata njia ya miguu juu na maji yanaendelea kupita chini. Vibamba visiwe vizito mno, kwa sababu mfereji usiofunguliwa kusafishwa hujaa takataka, na mvua ya kwanza ya Novemba huurudisha uchafu wote barabarani.