Gia ikikosa kuingia: yanayosemwa kijiweni na yanayotokea ndani ya giaboksi

Dereva yuko gia ya tatu, anapiga ya nne, anaachia klachi na kuvuta mafuta. Injini inapiga resi, pikipiki haisukumi. Taa ya kijani inayoonyesha frii, yaani kwamba hakuna gia iliyoingia, haijawaka, kwa hiyo si frii ya kawaida. Hapo gia ya tatu imeshatoka na ya nne haijaingia, na pikipiki imekaa katikati. Hiyo ndiyo frii ya uongo. Kila kijiwe cha bodaboda kina maelezo yake kuhusu jambo hili. Mengine yanamalizia pesa ya dereva kwa fundi bure, na mengine yanaweza kumwangusha.

Kwanza tuone kilichomo ndani, maana bila hicho ushauri wote ni wa kubahatisha. Katika pikipiki yenye klachi ya mkono, meno makubwa ya gia huwa yameshikana muda wote, na wewe huyaunganishi wala kuyatenganisha unapopiga pedeli. Kinachosogea ni baadhi ya gia zinazoteleza kwenye shafti yenye mifereji. Kila moja ina meno mafupi, manene, ya ubavuni, yanayoingia kwenye matundu au meno ya gia jirani ili zizunguke pamoja. Gia hizo husukumwa na uma za chuma, nazo uma huongozwa na ngoma yenye mifereji. Kila pigo la pedeli huzungusha ngoma hatua moja. Mwishoni mwa ngoma kuna kipande chenye umbo la nyota, na juu yake kuna kimkono chenye kiroli kinachobanwa na springi. Kiroli kikitumbukia kwenye bonde la nyota, ngoma imetulia na gia imekaa. Ngoma ikikwama kabla ya kufika bondeni, meno ya ubavuni hayajashika upande wowote.

Dhana: gia zikianza kukosa, giaboksi imekufa, injini ipasuliwe

Hii ndiyo inayogharimu watu zaidi. Mara nyingi tatizo liko nje ya injini, na linaweza kukaguliwa kwa spana mbili na nusu saa ya kazi.

Anza na mguu. Pedeli ya gia inataka pigo moja kamili, mpaka inapogota, kisha uishikilie hapo mpaka klachi ianze kuachiwa. Anayeigusa kwa ncha ya kandambili na kuondoa mguu haraka anaipa ngoma nusu ya safari. Kosa la pili ni kuachia klachi kabla mguu haujamaliza kazi. Mzigo wa injini ukirudi kwenye meno ambayo hayajaingia vizuri, yanasukumana na kutoka. La tatu huwapata wanaobadilisha pikipiki. Kuna zile ambazo gia ya kwanza iko chini na nyingine zote huinuliwa, na kuna nyingi za gia 4 zenye pedeli ya vidole na kisigino ambazo gia zote huingia kwa kukanyaga mbele. Aliyezoea mfumo mmoja akipanda mwingine, mguu wake utakosea kwa siku kadhaa hata kama pikipiki ni mpya.

Kisha angalia pedeli yenyewe. Ishike kwa mkono uitikise. Ikicheza kabla ya shafti kuzunguka, boliti inayoibana imelegea au meno ya ndani ya pedeli yameliwa, na sehemu ya pigo lako inapotelea hapo. Pedeli iliyoliwa meno ibadilishwe, kwa sababu kuikaza zaidi hakurudishi meno. Angalia pia kimo chake. Ikiwa juu mno, unashindwa kuikanyaga mpaka mwisho, na ikiwa chini mno, kidole hakipati nafasi ya kuinua. Fungua boliti, itoe pedeli, isogeze jino moja la shafti, kaza, halafu jaribu ukiwa umekaa na viatu unavyoendeshea. Hakikisha haigusi sehemu ya kukanyagia wala chuma cha kulinda injini. Pikipiki iliyoanguka upande wa kushoto mara nyingi pedeli yake imepinda ikagusa ubavu wa injini, na dereva huambiwa ni gia.

Baada ya hapo, klachi. Pima mchezo kwenye ncha ya mkono wa klachi, yaani umbali inaosogea kabla waya haujaanza kuvuta. Pikipiki nyingi ndogo hutaka milimita 10 hadi 20, na kipimo cha yako kiko kwenye kitabu chake. Mchezo ukizidi, pleti za ndani ya klachi haziachani vizuri, shafti inaendelea kuburutwa, na gia zinagoma au zinaingia kwa kishindo. Mchezo ukikosekana kabisa, klachi inateleza. Rekebisha kwa nati ya kwenye usukani, na ikifika mwisho, tumia ile ya chini karibu na injini. Waya wenye nyuzi zilizokatika au unaovutika kwa ukwaru ubadilishwe, usisubiri ukatike barabarani.

Kipimo kizuri cha klachi ni hiki. Injini ikiwa na moto, simamisha pikipiki kwa stendi ya kati, weka gia ya kwanza huku umebana klachi mpaka mwisho. Tairi la nyuma linaweza kuzunguka taratibu kwa sababu ya oili iliyo kati ya pleti, na hilo ni la kawaida. Gusa breki ya nyuma. Tairi likisimama na injini ikaendelea kunguruma bila kushtuka, klachi inaachia. Injini ikitaka kuzima, klachi inaburuta. Ikiwa waya umeshawekwa sawa, pleti za chuma zimepinda au kikapu cha klachi, yaani kile kinachobeba pleti hizo, kimechimbika makovu ambayo pleti zinanasa. Usisogeze mkono wala nguo karibu na cheni wakati wa jaribio hili.

Cheni nayo inahusika kuliko wengi wanavyodhani. Iliyolegea hupiga na kushtua shafti ya nje kila unaporudisha mafuta, na mshtuko huo huja wakati uleule meno yanatafuta matundu yao. Pikipiki nyingi za 100 hadi 150cc hutaka cheni ichezee kati ya milimita 20 na 30 hivi katikati ya sehemu ya chini. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, maana cheni iliyochakaa hailegei sawasawa.

Dhana: ukikosa gia, kanyaga haraka urudi gia ya chini upate nguvu

Hili ni la hatari. Ukiwa kwenye kasi ya gia ya nne, kisha ukaangukia ya pili na kuachia klachi, tairi la nyuma linaweza kujifunga na injini ikazungushwa kupita uwezo wake. Kwenye lami yenye maji au mchanga, pikipiki inakwenda ubavu.

La kufanya ni kurudisha mafuta kwanza, maana injini isiyo na mzigo hupanda resi kwa sekunde moja. Bana klachi mpaka mwisho. Piga gia kuelekea ile ya juu uliyokuwa unaitafuta, pigo moja kamili, kisha achia klachi taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo. Gia ikiwa juu kuliko inavyohitajika, pikipiki itavuta kwa uzito tu, haitakudhuru. Ukishatulia, pangua moja kama kasi inataka.

Mteremkoni mambo hubadilika. Frii ya uongo inakunyang'anya uzito wa injini uliokuwa unashika mwendo, na kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga, mkoani Iringa, ukiwa na abiria au gunia nyuma, kasi inaongezeka kabla hujaelewa kilichotokea. Hapo breki zote mbili zinatangulia, kwa kubana polepole huku ukizidisha, ndipo utafute gia inayolingana na kasi uliyonayo wakati huo. Kwa sababu hiyo, pangua gia kabla ya kuingia mteremkoni, si katikati yake.

Dhana: taa ya kijani haijawaka, kwa hiyo gia imeingia

Taa hiyo huwashwa na swichi inayogusana na ngoma mahali pamoja tu, kwenye frii halisi. Haijui chochote kuhusu nafasi zilizo kati ya gia ya tatu na ya nne. Vilevile, taa iliyowaka si hakikisho, kwa sababu swichi chakavu au waya uliochubuka unaweza kuiwasha gia ikiwa ndani. Ukisimama kwenye taa za barabarani, achia klachi kidogo kidogo uone kama pikipiki inataka kwenda.

Dhana: gia ya kwanza ikigoma ukiwa umesimama, ikandamize kwa kisigino

Hapana. Mara nyingi meno ya ubavuni yamekutana uso kwa uso, na kwa kuwa pikipiki imesimama, hakuna kinachoyazungusha yafikie matundu. Ukiyakandamiza unapinda uma. Achia klachi kiasi cha kusogeza shafti, ibane tena, gia itaingia. Kama injini imezimwa, sukuma pikipiki mbele na nyuma huku ukibonyeza pedeli kwa wepesi. Pikipiki nyingi za Kawasaki zina kifaa cha makusudi kinachozuia kutoka gia ya kwanza kwenda ya pili pikipiki ikiwa imesimama ili kurahisisha kupata frii. Anayeijaribu akiwa amesimama atadhani imeharibika.

Dhana: weka oili nzito, au ya gari, gia zitakuwa laini

Pikipiki nyingi hutumia oili moja kwa injini, giaboksi na klachi. Oili nzito kuliko iliyoagizwa hugandisha pleti za klachi, hasa asubuhi, na gia zinagoma zaidi. Upande wa pili, baadhi ya oili za gari zina viungo vya kupunguza msuguano, na klachi ya pikipiki inaishi kwa msuguano. Tafuta kwenye kopo alama ya JASO MA au MA2, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki. JASO MB haikutengenezwa kwa klachi inayoogelea kwenye oili. Uzito wa oili ufuate kitabu cha pikipiki, na kiasi pia. Kwa pikipiki nyingi za bodaboda ni karibu lita 1, na kupungua kwa robo lita katika kiasi kidogo hivyo si jambo dogo.

Hapa watu huchanganya magonjwa mawili. Klachi inayoteleza nayo hupandisha resi bila mwendo kuongezeka, ila pikipiki bado inasukuma kiasi, na huzidi mlimani au ukiwa na mzigo. Frii ya uongo haisukumi hata chembe, na hutokea papo hapo baada ya kubadili gia. Kumwelezea fundi tofauti hiyo kunaokoa pleti nzima zisitupwe.

Dhana: gia inayochomoka izuie kwa mguu, itadumu

Gia iliyokosa kuingia na gia iliyoingia vizuri halafu ikachomoka ukivuta mafuta ni matatizo tofauti, na la pili ndilo la kutosubiri. Meno ya ubavuni yanapotengenezwa, nyuso zake huchongwa zikiinama kidogo ili mzigo wa injini uzivutie ndani. Kila gia iliyogonga bila kuingia hung'oa kidogo cha kona zake. Zikishaviringana, mzigo uleule uliokuwa unazivuta unazisukuma nje. Ukizuia pedeli kwa mguu, unaubana uma dhidi ya gia inayozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Ncha za uma zinasagika, zinaungua mpaka kuwa na rangi ya samawati, na chembe za chuma zinasambaa kwenye oili. Hata kwenye pikipiki nzima, mguu usipumzike juu ya pedeli.

Dalili zinaonyesha pa kutafuta. Gia zote zikikosa kwa zamu, rudi kwenye pedeli, klachi na oili. Pedeli isiporudi mahali pake baada ya pigo, springi ya shafti ya gia imevunjika au shafti imepinda. Gia zikiwa hazitulii, mara zinapita mbili kwa pigo moja, mara zinabaki katikati, kagua kile kimkono chenye kiroli na springi yake. Kwenye pikipiki nyingi ndogo kinafikiwa kwa kufungua kifuniko cha klachi tu na kutoa kikapu, bila kupasua injini. Muulize fundi kama amekiangalia kabla ya kumruhusu ashushe injini. Ila ikiwa ni gia moja ileile kila siku, na inachomoka kwenye mzigo, hapo injini ipasuliwe kweli.

Na ikipasuliwa, gia yenye meno yaliyoviringana ibadilishwe pamoja na ile inayoshikana nayo ubavuni, kwa sababu mpya ikikutana na chakavu italiwa haraka. Uma ipimwe unene wa ncha zake dhidi ya kipimo cha kitabu, isiishie kutazamwa kwa macho. Klipu za shafti ziwe mpya, maana iliyopanuliwa mara moja haibani tena kama mwanzo, na washa zirudi kwa mpangilio uleule. Kabla ya kufunga injini, fundi azungushe shafti kwa mkono huku akigeuza ngoma, gia moja baada ya nyingine, kwenda na kurudi. Gia isiyoingia pale mezani haitaingia barabarani.