Kiini cha Seli: Yanayosemwa na Yaliyopo

"Vinasaba vya damu vimo kwenye ule wekundu wake." Hii utaisikia Dar kila habari ya baba kumkana mtoto inapofika kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Sivyo. Seli nyekundu ya binadamu iliyokomaa haina kiini, ile sehemu ya seli inayobeba vinasaba. Hukitema ikiwa bado kwenye uboho, ndipo inaingia kwenye mishipa ikiwa imesheheni himoglobini, protini inayobeba oksijeni. Bila kiini haigawanyiki wala haitengenezi protini mpya za kujikarabati, na baada ya siku 120 hivi huondolewa. Vinasaba vinavyopimwa kwenye damu hutoka kwenye seli nyeupe, ambazo ni moja tu kwa kila mamia ya nyekundu.

Asiyeamini aombe tone la damu kwa wachinja kuku wa Soko la Kisutu, alipake kwenye kioo na kulitia Giemsa, rangi ileile ya kutafutia vimelea vya malaria. Kwenye darubini ataona seli zenye umbo la yai, kila moja na kiini cha zambarau iliyokoza. Ya binadamu ni duara lililopauka katikati, na hapohapo wanafunzi wengi huchora kiini. Ni kibonyeo tu: seli pale ni nyembamba, basi.

Kwamba kila seli ina kiini kimoja? Uzi mmoja wa msuli wa paja huwa na viini mamia, tena vimesukumwa pembeni. Nukleoli, lile doa ndani ya kiini, nayo si "kiini kidogo": haina hata utando. Ni mahali zinapoundwa sehemu za ribosomu, yaani mitambo ya seli ya kutengeneza protini.

Inayonikera zaidi ni ile ya madaftarini: "kiini ni ubongo wa seli." Utando wa kiini una tabaka mbili na matundu yanayoweza kufika maelfu, na njia ni ya kwenda na kurudi. Nakala za jeni, ziitwazo RNA, hutoka kwenda kwenye ribosomu. Protini zilizotengenezwa huko nje huingia ndani, na baadhi yake ndizo zinazoamua jeni ipi isomwe na ipi inyamaze. Chukua homoni ya kotisoli: hupenya hadi ndani ya seli, hushikana na kipokezi chake kwenye saitoplazimu, yaani ndani ya seli lakini nje ya kiini, kisha vyote viwili huingia kwenye kiini na kuwasha jeni. Hapo amri imetoka kwenye tezi zilizo juu ya figo. Kiini kimeipokea tu.