Bwawa la udongo likizeeka, cha kuangalia ni nini?

Bwawa la udongo ni tuta tu, udongo uliomwagwa tabaka kwa tabaka ukashindiliwa, na mara nyingi katikati kunawekwa mfinyanzi ili maji yasipite kirahisi. Zege utaikuta zaidi kwenye utoro, yaani ile njia ya kutolea maji ya ziada mvua zikizidi.

Sasa wengi wanadhani likivuja tu basi limekwisha, hapana, haya mabwawa yote yanavuja kidogo hata yakiwa mapya, na mainjinia wanaweka kabisa mchanga na kokoto ndani ili maji yatoke bila kubeba udongo. Cha kuogopa ni rangi. Yakitoka masafi na kwa kiasi kilekile, sawa, ila siku yakianza kuja na tope ujue udongo wa ndani unasombwa, kitundu kinajichimba kurudi kwenye maji na huku juu tuta linaonekana zima kabisa, nyasi zimestawi. Bwawa la Teton kule Idaho, Marekani, liliondoka hivyo tarehe 5 Juni 1976, asubuhi wameona maji ya tope, kabla ya saa sita mchana limebomoka, watu 11 wakafa, na lile ndo kwanza lilikuwa linajazwa.

La zamani lina yake ya ziada. Miti imeota kwenye tuta, mzizi ukioza unaacha njia ya maji, panya na nguchiro wanachimba, bomba la chuma lililopita chini linaliwa na kutu, na tuta lenyewe linatitia polepole mpaka mvua kubwa ikija maji yanapita juu yake.

Halafu ndo watu wanapenda kupumzika hapohapo. Nairobi Dam ilijengwa 1953 kama akiba ya maji, baadaye watu wakawa wanaendesha mashua za tanga na kuvua samaki, kabla magugu maji na majitaka hayajaifunika. Mimi sioni shida watu kuvua na kutembea, tena wanaopita kila siku ndo watakaoona tope wa kwanza. Shida ni pikipiki juu ya tuta, nyasi zikiisha mvua inachimba mfereji, na wale wanaoweka nyavu au mifuko ya mchanga kwenye utoro ili samaki wasitoroke, hapo umeziba mlango wa dharura. Na kuogelea karibu na utoro au bomba la kutolea maji usithubutu, linavuta.

Kule Solai, Nakuru, usiku wa 9 Mei 2018 bwawa la shambani lilipasuka wakati wa mvua kubwa, zaidi ya watu 40 wakapoteza maisha, wengi walikuwa nyumbani kwao tu chini ya bwawa. Kwa hiyo ukiona maji ya tope au ufa mpya kwenye tuta, waambie walio bondeni wapande juu kwanza, halafu piga simu kwa chifu au mtendaji na watu wa maji. Usijaribu kuziba kwa udongo kule yanakotokea, yatatafuta pengine pa kutokea.